Ngama na Feuli: Tathmini ya Huduma ya Boti ya Mizigo kutoka Kisumu hadi Visiwani

Kwa sisi wafanyabiashara wa Kisumu tunaopeleka bidhaa visiwani, mzigo huenda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuupakia kwenye lori hadi Mbita au Luanda Kotieno na kuutafutia mashua huko. Ya pili ni kuushusha ufuoni hapa hapa Kisumu na kuuacha ukate ghuba nzima ya Winam majini. Huduma ninayoitathmini ni ya njia ya pili: boti kubwa ya mbao yenye sitaha na injini ya dizeli, ambayo huondoka Kisumu jioni, ikapita upande wa Homa Bay usiku na kuvuka mkondo wa Rusinga, kisha ikashusha mizigo Takawiri na Mfangano asubuhi yake. Nimeitumia wakati wa kiangazi na wakati wa masika, nikipeleka unga, sukari, saruji na bidhaa ndogo ndogo za maduka, na mara kadhaa nimesafiri pamoja na mzigo wangu ili nione unavyotunzwa.

Jina la wenye boti naliacha kwa makusudi. Sifa nitakazozitoa wanazistahili, lakini lawama nitakayoieleza inazihusu boti nyingine pia, na si haki ibebwe na mmoja. Kwa kifupi, wana ngama (tumbo la mizigo) iliyotunzwa vizuri kuliko zote nilizowahi kuzikagua upande wetu wa Ziwa Victoria, na wanauza nafasi katika feuli (stoo ndogo ya vifaa vya boti upande wa nyuma), nafasi ambayo haikupaswa kuuzwa kwa mteja yeyote kwa bei yoyote.

Stakabadhi yao ina safu mbili za malipo. Mzigo wa ngama hutozwa kwa uzito na mzigo wa feuli kwa katoni, na ukipiga hesabu utaona kwamba kilo moja iliyowekwa kwenye feuli hugharimu karibu mara mbili ya kilo moja iliyowekwa kwenye ngama. Majina hayo ya kibaharia yaliletwa na nahodha, mzee wa Lamu aliyekulia kwenye majahazi kabla ya kuhamia bara, na karani ameyachapisha jinsi alivyoyasikia. Mteja anayefika kwa mara ya kwanza huelezwa kwamba ngama ni ya mizigo ya kawaida na feuli ni ya mizigo ya thamani. Maelezo hayo ndiyo chanzo cha tatizo zima, kwa hiyo inafaa kwanza tuelewane kuhusu nafasi hizo mbili na kazi ya kila moja.

Ngama ni tumbo la chombo. Katika boti hii inachukua sehemu yote ya katikati chini ya sitaha, hadi kwenye ukuta wa mbao unaoitenga na chumba cha injini. Mdomo wake ni uwazi wa mraba katikati ya sitaha, unaofunikwa kwa mbao nene zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kisha turubai, kisha kamba. Mzigo ukishaingia humo na mdomo ukafunikwa, hakuna mtu anayeugusa hadi boti itie nanga kisiwani. Feuli iko mwisho kabisa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, chini ya jukwaa anapokaa mshika usukani, na mlango wake ni mdogo kiasi kwamba mtu huingiza mkono na bega tu. Humo ndimo vinamokaa vitu vinavyoweza kuhitajika wakati wowote chombo kikiwa safarini: kamba za akiba, panga, kurunzi, pampu ya mkono, mkanda wa akiba wa injini, vichujio vya dizeli, kisanduku cha huduma ya kwanza na fataki za kuombea msaada.

Wengi wetu hutazama nafasi hizo na kuona moja kubwa na moja ndogo, kisha tukakata shauri kwamba ile ndogo, kwa kuwa ni ndogo na ina mlango, ndiyo salama zaidi. Ukubwa, hata hivyo, umetokana na kazi. Ngama hufungwa kabla ya safari na kufunguliwa baada ya safari, ilhali feuli hufunguliwa katikati ya safari, mara nyingi gizani na mara nyingi kwa haraka. Ndiyo sababu ngama ikawekwa chini na katikati, mahali ambapo uzito hukituliza chombo, na feuli ikawekwa karibu na mkono wa yule anayekiongoza. Ukiyashika hayo utaweza kukadiria mwenyewe ni mzigo gani uende wapi, bila kumtegemea karani.

Nianze na ngama, kwa sababu hapo wamefanya kazi ya kupigiwa mfano. Sakafu yake haikai moja kwa moja juu ya mataruma, yaani mbavu za boti. Imetengenezwa kwa mbao zilizoinuliwa kiasi cha shubiri moja juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), zenye nafasi kati yake, ili maji yanayopenya yateremke hadi kwenye banduru, mahali pa chini kabisa, na kuvutwa kwa pampu kabla hayajalifikia gunia la kwanza. Maji lazima yapenye, kwa kuwa hakuna boti ya mbao isiyopitisha maji hata kidogo, hata ikiwa imezibwa nyufa kwa kalafati jana. Niliomba mbao mbili ziinuliwe nikachungulia: maji yalikuwa machache na hayakuwa na utando wa mafuta ya injini, na mdomo wa bomba la pampu ulikuwa umevishwa kikapu kidogo cha waya ili punje za mahindi na nyuzi za magunia zisiuzibe. Kikapu hicho ni kitu cha bei ndogo sana. Nimeona boti kadhaa zisizokuwa nacho, na pampu ikiziba usiku wa mawimbi, mabaharia huanza kufua maji kwa ndoo huku mizigo imewazuia kuifikia banduru yenyewe.

Adui mwingine wa mzigo hatoki nje. Bidhaa hupakiwa mchana, hewa ya Kisumu ikiwa na joto na unyevu mwingi. Usiku sitaha hupoa, na unyevu ulionaswa ndani hugeuka matone kwenye upande wa chini wa mbao na kudondokea mizigo. Mwenye duka kisiwani hupokea unga wenye madoa akadhani boti ilivuja, kumbe hakuna tone la ziwa lililoingia. Mabaharia wa boti hii wanalijua jambo hilo na wamelishughulikia. Huacha nafasi ya kiganja kati ya magunia na ubavu wa boti, hutandika magunia matupu juu ya shehena yanyonye matone, na wameweka mabomba mawili ya hewa yenye vichwa vilivyopinda, ambavyo baharia huvigeuza visielekee mawimbi. Katika mvua ya masika nilipokea taarifa kutoka Mfangano kwamba mabunda yangu ya unga, yale ya pakiti 12 za kilo mbili mbili, yalifika yote makavu, yakiwemo yale ya safu ya juu kabisa, ambayo ndiyo huumia kwanza.

Upangaji wao pia ni wa watu wanaojua kazi. Saruji huenda chini kabisa kwa sababu ya uzito, lakini haigusi sakafu, kwani huwekewa mbao za ziada. Mfuko wa saruji ulionyonya unyevu huganda ukawa jiwe, na hakuna anayelipa fidia ya jiwe. Sukari hufuata, kisha unga, na chumvi hutengwa upande wake kwa kuwa huvuta maji hewani na kuyamwaga juu ya jirani yake. Mafuta ya kupikia ya mitungi ya lita 20 huwekwa yakiwa yamesimama wima, yakabanwa kwa magunia ili yasicheze. Mizigo ya Mfangano huingia kwanza na ya Takawiri huingia mwisho, ili kila kituo kishushe cha juu bila kupangua cha chini. Kila mteja ana alama yake ya chaki iliyoandikwa kwenye magunia na kunakiliwa kwenye daftari la karani. Nimemwona nahodha akishuka mwenyewe ngamani kabla ya mdomo kufunikwa, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa boti kutoka upande mmoja hadi mwingine akitafuta unyevu, na alipofika kwenye ungio moja akasimama, akaita kurunzi, akaamuru magunia matatu yahamishwe.

Jambo jingine ninalowasifia ni mstari wa rangi nyeupe waliouchora ubavuni, ambao boti haipakiwi kupita hapo. Sheria ya kuzilazimu meli kuwa na alama kama hiyo ilipitishwa Uingereza mwaka 1876 kutokana na juhudi za Samuel Plimsoll, mbunge aliyekerwa na wenye meli waliokuwa wakipakia kupita kiasi na kuwaacha mabaharia wazame. Kwenye ziwa letu suala hili lina uzito wake wa pekee. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, ilhali lita ya maji yasiyo na chumvi ina kilo moja, na kwa hiyo chombo kilichobeba mzigo ule ule huzama chini zaidi Kisumu kuliko Mombasa. Mzee wa Lamu hakuhitaji kufundishwa hilo na mtu. Alisema tu kwamba alipofika hapa aliona boti “zinakaa nzito”, akaushusha mstari wake kidogo ili boti ibebe pungufu. Mara moja alikataa magunia yangu manne ya sukari kwa sababu maji yalikuwa yameufikia mstari, na ingawa mteja wangu alilalamika kwa kucheleweshewa, nahodha alikuwa na haki. Watu wa ziwa hili hawajaisahau MV Bukoba iliyopinduka tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, wala MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zote mbili zikiwa zimejaza watu kuliko uwezo wake.

Wakazi wa Kisumu waliozoea kuiona MV Uhuru huenda wakashangaa kusikia ngama ikisifiwa kiasi hiki. Meli hiyo ya tangu miaka ya 1960, ambayo ilirudi kazini mwaka 2019 kupeleka mafuta Port Bell nchini Uganda, hubeba mabehewa ya reli, hadi 22, yakiwa yamesimama juu ya reli zilizotandazwa sitahani. Huko shehena yenye kuonekana yote iko juu. Boti yetu ya mbao haina upana wala uzito wa kuiruhusu kufanya hivyo. Kila gunia linalowekwa juu ya sitaha yake huongeza kuyumba kwake, na kila gunia linaloteremshwa ngamani hukupunguza.

Safari ya kurudi ndiyo huja na omena. Harufu ya omena huingia kwenye mbao na kukaa, na unga uliopakiwa siku inayofuata huweza kufika kisiwani ukinuka samaki ingawa ni mkavu kabisa. Mabaharia huiosha ngama kwa maji na sabuni kila wanaporudi, huinua mbao za sakafu kusafisha chini yake, na huacha mdomo wazi juani hadi wakati wa kupakia. Mara chache nimeisikia harufu hiyo hata baada ya kuoshwa. Ningependa wanunue turubai la kutandika chini ya omena, lakini hilo ni ombi tu, si lawama.

Lawama yangu iko kwenye tezi.

Usiku mmoja niliposafiri pamoja na mzigo, tuliingia katika gugumaji. Anayeijua ghuba ya Winam anajua kwamba magugu hayo huelea kwa makundi makubwa yanayosukumwa na upepo, na kwamba mahali palipokuwa maji matupu jioni panaweza kuwa bustani ifikapo usiku wa manane. Mizizi ilijisokota kwenye rafadha (pangaboi ya boti) na injini ikaanza kunguruma kwa shida, nahodha akaizima kabla haijaungua. Upepo ulikuwa ukitusukuma polepole kuelekea ufuo wenye mawe. Kazi iliyotakiwa haikuwa ngumu: kushusha nanga ndogo, kumfunga baharia mmoja kamba kiunoni, kumpa panga na kumulika kwa kurunzi wakati akikata mizizi. Kamba, panga na kurunzi vyote vilikuwa kwenye feuli, na feuli ilikuwa na kufuli.

Ilitiwa kufuli kwa sababu ilikuwa imebeba mizigo ya thamani. Ufunguo alikuwa nao msaidizi wa karani, ambaye alikuwa amelala upande wa omo, mbele ya boti, akiwa amejifunika blanketi. Alipoamshwa na mlango ukafunguliwa, kilichoonekana kwanza kilikuwa katoni: dawa za duka moja la Mfangano, simu, vipuri vya redio, na betri mbili za sola. Baharia alizitoa moja baada ya nyingine na kuzipanga sitahani huku mvua ya rasharasha ikinyesha, na kurunzi ilipatikana nyuma ya katoni ya mwisho, chini ya kamba iliyokuwa imebanwa ikajifunga mafundo. Nahodha alikuwa ameshika usukani wa chombo kisichokwenda na hakusema neno hadi panga lilipofika mkononi mwa baharia.

Tulitoka salama. Hata hivyo, tazama jinsi kila mmoja alivyopata hasara. Mwenye dawa alikuwa amelipa karibu mara mbili ili katoni zake zisilowe, na zikawa ndizo bidhaa pekee katika boti nzima zilizonyeshewa mvua. Unga wangu wa bei ya kawaida ulikuwa umekaa ngamani bila kuguswa. Boti nayo ilipoteza dakika ambazo, kwa upepo mkali zaidi, zingeipeleka kwenye mawe. Wala jambo hili si la bahati mbaya. Feuli lazima ifunguliwe njiani, kwa kuwa imejengwa kwa ajili hiyo, na mzigo wowote wa mteja uliowekwa humo lazima utolewe nje wakati ambapo hali ya hewa na mazingira ni mabaya kuliko kawaida, maana ndio wakati ambao vifaa vya feuli huhitajika. Mwenye nyumba haweki kiberiti nyuma ya magunia ya mahindi, kisha akafunga stoo na kumpa mgeni ufunguo.

Asubuhi yake nilizungumza na nahodha. “Mama,” aliniambia, “feuli ni ya chombo. Kwetu Lamu ukimkuta mtu ameweka mkoba wake humo, unautoa na kumrudishia, na hakuna ugomvi. Hapa wenye boti ni wengine na mimi ni mwajiriwa.” Karani nilipomfikishia malalamiko alikuwa mpole, ila hakukubali. “Mama, wateja wenyewe ndio wanaoitaka feuli. Wakiona pana kufuli wanalala usingizi.” Ninaamini kwamba alisema kweli kuhusu wateja. Ninaamini vilevile kwamba wateja wanaitaka kwa kuwa yeye mwenyewe amewaeleza vibaya.

Kuna na suala la uzito. Katoni za simu ni nyepesi, lakini betri za sola si nyepesi, na nimewahi kuona feuli ikitiwa mfuko wa misumari kwa sababu mwenye misumari alikuwa tayari kulipa. Uzito uliowekwa mwisho kabisa upande wa tezi huushusha upande huo na kuinua omo juu, na chombo kilichokaa hivyo huwa kigumu kuelekezwa, hasa penye mawimbi kama yale ya mara kwa mara katika mkondo wa Rusinga, pale maji ya ghuba yanapokutana na ziwa wazi. Kilo 50 za misumari katikati ya ngama hazina madhara yoyote. Kilo hizo hizo tezini nahodha huzihisi mkononi safari nzima. Isitoshe, kadiri katoni zinavyoongezeka ndivyo vifaa vya boti vinavyohamishwa. Niliikuta pampu ya mkono imefungwa kwenye mlingoti nje, ikipigwa na jua na mvua, kwa kuwa mahali pake palikuwa pameuzwa. Jaketi okozi, nashukuru, zilikuwa zimening'inizwa wazi sitahani, kila mmoja akiweza kuzifikia.

Mahitaji ya wateja wenye bidhaa za thamani ni ya kweli, na sisemi yapuuzwe. Dawa, simu na vipuri vinahitaji mahali pakavu, penye kufuli, palipo mbali na saruji na omena. Mahali hapo panapatikana ndani ya ngama yenyewe. Upande wake wa mbele, karibu na omo, kuna kona ambayo magunia hayakai vizuri kwa sababu mataruma yamejipinda. Ukuta wa mbao na mlango wa komeo vingetosha kuifanya kichumba, kikiwa kimeinuliwa sawa na sakafu nyingine. Kichumba hicho hakingefunguliwa njiani, kwa hiyo kufuli lake lisingemzuia mtu, na ufunguo ungeweza kulala na msaidizi wa karani bila hatari. Wakitoza mara mbili kwa nafasi hiyo mimi nitakuwa wa kwanza kulipa. Fundi seremala mmoja wa hapa ufuoni alinihakikishia kwamba kazi yenyewe haizidi siku chache boti ikiwa imepumzika.

Nisiache kutaja petroli, kwa sababu visiwani mashua za uvuvi huendeshwa kwa injini zinazohitaji petroli na kila safari kuna anayetaka kupeleka madumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Dumu linalovuja ndani ya ngama iliyofungwa hujaza mvuke chini, hadi kwenye banduru, mahali ambapo pampu ya umeme huwaka na kuzima, na cheche moja inatosha. Gesi ya kupikia hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo shehena za namna hii haziingii ngamani wala feulini. Mahali pake ni juu ya sitaha, penye hewa, mbali na bomba la moshi la injini na mbali na mtu anayevuta sigara. Boti hii inalifuata hilo kwa ukali, na madumu hufungwa kwa kamba kwenye ukingo wa upande usio na moshi. Nilimwona nahodha akilitoa dumu moja lililofichwa ndani ya gunia la makaa na kulirudisha ufuoni pamoja na mwenyewe.

Kuhusu mengineyo naweza kuwa mfupi. Wapagazi wa Kisumu ni waangalifu. Wa Takawiri huharakisha, na pakiti chache hupasuka wanapovuka maji ya magoti kutoka kwenye boti hadi nchi kavu. Karani hupokea malipo kwa M-Pesa na hutoa stakabadhi papo hapo. Gunia likipotea hulipwa, mradi lina alama ya chaki kwenye daftari na malalamiko yamefika siku mzigo uliposhushwa. Bidhaa za feuli zina sharti jingine lililochapishwa kwa herufi ndogo chini ya stakabadhi, kwamba boti haitawajibika kwa kulowa. Sharti hilo halipo kwa mizigo ya ngama. Wenyewe wanajua, basi, ni nafasi ipi kati ya hizo mbili itakayofunguliwa mvuani, na mwenye dawa wa Mfangano alilisoma baada ya katoni kumfikia.

Kwa sasa dawa na vipuri ninavyowapelekea wateja huwa ninavifunga katika ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, nikaziba ukingo kwa utepe na kuviandikisha kwenye safu ya ngama, bei ya kawaida, nikiomba viwekwe juu ya unga. Karani huandika bila kubisha. Wenye bidhaa nyingi wanaotaka kuiga hivyo wafike mapema: shehena hupokelewa tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ya Mfangano hutangulia kuingia, na ikishapangwa nahodha hakubali safu ifumuliwe kwa ajili ya ndoo iliyochelewa.